Mwanafunzi wa Bunju

Ukipanda daladala ya Bunju pale Mwenge siku hizi, utapita Mbezi Beach, Mtongani, Tegeta na Boko, na nyumba hazitakatika njia nzima. Konda anaita vituo, watu wanashuka na mizigo yao, na hata anayeshuka wa mwisho anajihesabu mkazi wa jiji, Manispaa ya Kinondoni. Mwaka 1965 mambo hayakuwa hivyo. Bunju kilikuwa kijiji cha Wazaramo kando ya njia ya Bagamoyo, na mjini mtu alikwenda kwa shughuli maalumu akarudi. Ndipo mwanamke mmoja wa Kifini alipoanza kukaa pale kijijini, kwa vipindi vilivyoendelea mpaka miaka ya 1960 ikaisha.

Jina lake Marja-Liisa Swantz. Nchi hakuwa mgeni nayo. Alifika Tanganyika mwaka 1952 kufundisha katika chuo cha ualimu cha wasichana cha Ashira, Marangu, na baadaye akahamia pwani pamoja na mumewe Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani. Mume naye alivutwa na waganga wa jadi wa Dar es Salaam, hata akaandika juu yao tasnifu aliyoimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974. Mke alikuwa akitafuta jambo gumu zaidi kulifikia. Alitaka kuelewa mila za Wazaramo, hasa za wanawake: mwali anayewekwa ndani na kufundwa, mti wa mkole na heshima yake, mwana hiti, kile kisanamu cha mti ambacho mgeni hukinunua dukani bila kujua kilikuwa cha nani.

Sasa, mambo ya unyago hayasemwi kwa mtu aliyesimama mlangoni na kalamu. Asiyefundwa haambiwi. Na kwa kungwi, mwali hatangulii kuuliza. Huulizwa, huimbishwa, hutegewa mafumbo mpaka akili imkae. Mama mwenye elimu ya Ulaya, mwalimu wa walimu, ilimbidi akae chini kama mwanafunzi. Mwaka 1970 alitetea tasnifu yake Uppsala, Sweden, juu ya ibada na ishara katika jamii ya Wazaramo iliyokuwa ikibadilika. Tasnifu ni kitabu kizuri. Lakini kwa historia ninayoisimulia hapa, kikubwa kilichotoka Bunju ni ule mkao.

Ili uone tofauti, rudi nyuma miaka kumi. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliagiza Dar es Salaam ichunguzwe. Kazi akapewa ofisa wa utawala, J.A.K. Leslie, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, wakati bendera imekwisha kubadilishwa. Mimi ni mmoja wa wanaokipenda kitabu hicho. Magomeni, Ilala, Temeke na Kariakoo za wakati ule zimo mle ndani, pamoja na kodi za vyumba na tabia za wapangaji. Ila swali lilitoka ofisini na jibu likarudi ofisini. Aliyejibu mlangoni kwake Temeke aliendelea na shughuli zake, na ofisa wa mji naye hakutakiwa kujiuliza kama namna yake ya kutawala ndiyo iliyokuwa tatizo. Wengi wetu tuliokulia jiji hili tunamjua mrithi wa mtindo huo: kijana mwenye dodoso na kofia ya mradi, anayeuliza nyumba ina vyumba vingapi, choo cha aina gani, akashukuru, akaondoka, asionekane tena.

Njia nyingine ilikwisha kupewa jina huko Marekani. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, alichapisha mwaka 1946 makala juu ya utafiti unaozaa kitendo. Alisema utafiti usiozaa kitu ila vitabu hautoshi. Panga, tenda, tazama kilichotokea, rekebisha mpango, tenda tena. Hatua zinazunguka kama ngazi ya mnara, kila mzunguko ukiwa juu kidogo ya uliotangulia. Lewin alifariki mwaka uliofuata, akawaachia wengine ngazi yake. Kwa Kiswahili tumeuita utafiti tendaji, na unapofanywa na wenye tatizo wenyewe, utafiti shirikishi. Majina hayo yalikuja baadaye. Dar es Salaam ya mwanzo wa miaka ya 1970 ilianza na kazi.

Na palikuwa na sababu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo Chuo Kikuu kilianzisha ofisi ya utafiti wa rasilimali na mipango ya ardhi, BRALUP, ambayo ndiyo chanzo cha Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya leo. Chuo kilitakiwa kiwe cha taifa, na msomi akaulizwa hadharani, wakati mwingine kwa ukali, elimu yake inamfaa nani. Swantz aliingia BRALUP mwaka 1972 kama mtafiti mwandamizi. Akawachukua wanafunzi wa chuo, wengi wao watoto wa wakulima, akawapeleka vijiji vya Mkoa wa Pwani wafanye kazi ya kuuliza na kufikiri pamoja na vijana wa pale. Ripoti ya mwaka 1974 juu ya vijana na maendeleo katika mkoa huo ilitokana na kazi hiyo. Msomi wa Mlimani aliyezoea kuandika juu ya “wananchi” alijikuta amekaa nao jamvi moja, na wao wanamsahihisha.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ilifanyika mbali na pwani, Wilaya ya Moshi. Watoto wenye utapiamlo walipelekwa hospitali ya KCMC, wakalishwa, wakanenepa, mama zao wakafundishwa lishe bora: maziwa, maharage, mayai, mboga. Kisha wakarudi nyumbani. Kilimanjaro haikuwa nchi ya njaa. Ilikuwa na kahawa, migomba na shule kuliko karibu mkoa wowote. Ilikuwaje basi watoto wake wakose lishe? Kwa mazoea ya taaluma, jibu lilikuwa tayari: mama hajui. Swantz pamoja na Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla waliwafuata watoto mpaka majumbani, na ripoti yao ya BRALUP ya mwaka 1975 ilibeba jibu lake kwenye jina lenyewe: sababu za kiuchumi na kijamii za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi. Waliwakuta kina mama walioelemewa na kazi, wenye vishamba visivyotosha. Kumfundisha mama huyo faida ya yai ni kumfundisha mvuvi kwamba samaki ni mtamu.

Tazama kilichogeuka pale. Swali lilikuwa juu ya mama, jibu likamrudia muuguzi na daktari: somo mnalotoa kila wiki, kwa moyo safi, linamfundisha mtu anachokijua na kumwacha na asichokuwa nacho. Taaluma haipendi kusikia hivyo. Mtu amesoma miaka, ana cheti ukutani, halafu utafiti unamwambia kwamba kipande kimoja cha tatizo amekivaa yeye.

Mjini kwenyewe palikuwa na wataalamu wengine waliokuwa wakipanda ngazi ya Lewin bila kumtaja sana. Hawa ni watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo mpaka mwaka 1975 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu. Nyerere alikwisha kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na taasisi ikawa ikijaribu madarasa ya redio. Watu wanakaa kikundi, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, wanaamua la kufanya. Mwaka 1970 walitoa Uchaguzi ni Wako. Wakatathmini, wakaona kasoro. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, na watu kama 20,000 wakashiriki. Wakatathmini tena: viongozi wa vikundi wafundishwe vipi, vitabu vifike lini, kipindi kiwe kirefu kiasi gani. Ndipo mwaka 1973 wakatoa Mtu ni Afya, na walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Vyoo vilichimbwa, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa, na wapo wazee hadi leo wanaokumbuka mlio wa kipindi kile. Mwaka 1975 ukafuata Chakula ni Uhai.

Mtu ni Afya husifiwa kwa vyoo. Mimi naisifu kwa ile miaka mitatu ya nyuma, wakati hakuna aliyekuwa akipiga makofi. Walimu wa watu wazima walijaribu kwa udogo, wakakubali kuandika kilichoharibika, wakajaribu kwa ukubwa zaidi. Lakini tusifiche na upande wa pili: swali la kampeni lilikuwa limekwisha kuulizwa Dar es Salaam. Mwanakijiji alikaribishwa kujadili namna ya kuchimba choo. Kama ugonjwa uliomsumbua ulitokana na kitu kingine, kijitabu hakikuwa na ukurasa wake.

Swali kutungwa mbali na mwanakijiji kulimkera kijana mmoja wa taasisi, Budd Hall, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti hapo. Mwaka 1971 Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyekuwa uhamishoni, alitembelea Tanzania akazungumza na watu wa taasisi. Hoja zake zinajulikana: mwanafunzi si debe la kujazwa, na anayechunguzwa anaweza kuwa mchunguzi. Ukichanganya hoja hizo na alichokuwa akikifanya Swantz vijijini, unapata kitu ambacho Hall na wenzake walikiita utafiti shirikishi. Mwaka 1975, akiwa amehamia Toronto, Canada, kwenye Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima, Hall alitoa toleo zima la jarida la Convergence juu ya jambo hilo, na Swantz akiwa mmoja wa waandishi. Juni 1976 baraza hilo likafanya mkutano wake wa dunia hapahapa Dar es Salaam, na Nyerere akauhutubia. Kutoka hapo mtandao ukaenea India, Uholanzi na Amerika ya Kusini. Jina lililokolezwa Dar es Salaam likaanza kusafiri kwa ndege.

Swantz naye akachukua njia ya vumbi. Mwaka 1975 ulianza mradi wa Jipemoyo, magharibi ya Wilaya ya Bagamoyo ya wakati huo, ng'ambo ya vitongoji vyetu vya kaskazini. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilikuwa upande mmoja, Akademia ya Finland upande wa pili, na mtafiti wa wizara, Odhiambo Anacleti, akawa mwenzake wa kuongoza. Kituo kikawa Lugoba. Jina lenyewe ni tamu: mtu hapewi moyo na mradi, anajipa.

Timu ilikuwa ya Watanzania na Wafini, na kila mmoja alishika lake. Bernard Kiyenze alikaa na mafundi, akifuatilia namna kazi za mikono zinavyogeuka viwanda vidogo. Philip Donner alishika muziki. Ulla Vuorela alikaa Msoga na wanawake, na kitabu chake cha mwaka 1987 kimejengwa juu ya kijiji hicho, ambacho leo wengi hukijua kama kwao Rais mstaafu Kikwete. Kemal Mustafa alikwenda kwa Waparakuyo, wafugaji jamaa wa Wamaasai.

Kwa Waparakuyo ndipo palipokuwa na moto. Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto, na mfugaji aliambiwa akae mahali pamoja kama mkulima. Kwa ofisa wa wilaya huyu alikuwa mtu wa kuhamahama asiyetaka maendeleo. Kwa mkulima jirani, mwenye ng'ombe waharibifu. Utafiti wa kawaida ungetoka na ripoti juu ya “mitazamo ya wafugaji”. Jipemoyo walifanya vikao. Wafugaji walikaa wakachambua mambo yao, malisho, maji, ardhi, kijiji cha mifugo chao wenyewe, kisha wakakaa na viongozi wa serikali wakiwa na hoja zilizopangwa. Mtafiti alipunguza kuwasemea, akawa mtu wa kuitisha kikao na kuandika kilichosemwa.

Haikuwa kazi nyeupe. Ndani ya timu wenyewe hawakukubaliana: wapo waliotaka utamaduni upewe uzito, wapo waliosema bila kuchambua uchumi na nani ananyonywa na nani, ngoma na vyungu ni mapambo. Na mradi ulikuwa na kibali cha serikali ileile iliyokuwa ikiwahamisha watu. Unawezaje kumwalika mwanakijiji aseme huru, huku barua ya utambulisho mfukoni mwako imepigwa muhuri na anayemhamisha? Sidhani kama swali hilo lilipata jibu, na sioni kama limepata hadi leo. Kila mtafiti anayepita ofisi ya mtendaji wa kata kuonyesha kibali analibeba.

Jipemoyo iliisha mwaka 1979. Mwaka huo watafiti wa Afrika walikutana Mzumbe, Morogoro, kuulizana mbinu hiyo imefika wapi, na mwaka 1982 Yusuf Kassam na Kemal Mustafa wakatoa kitabu kutokana na mjadala huo. Kisha ikaja miaka ya foleni za sukari na sabuni, na baada yake masharti ya wafadhili. Maneno “shirikishi” na “ushirikishwaji” hayakufa, yalinenepa. Yakaingia kila andiko la mradi, mpaka kikao cha saa mbili chenye soda na posho kikaitwa utafiti shirikishi. Swantz aliendelea, Helsinki na Mtwara, na kumbukumbu zake zilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2016, kwa Kiingereza.

Miaka ileile ya Bunju na Jipemoyo, tawi jingine la ngazi ya Lewin lilikuwa likikua Uingereza, kwa walimu. Lawrence Stenhouse alianza mradi wake wa mtaala mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio letu, akashikilia kwamba mtaala hauwezi kuboreka mpaka mwalimu awe mtafiti wa darasa lake. John Elliott akaendeleza, na huko Australia Stephen Kemmis akaichora ngazi vizuri kwa mishale: panga, tenda, angalia, tafakari. Mchoro huo ndio uliofika kwetu. Umo katika vitini vya vyuo vya ualimu na katika kozi za Chuo Kikuu Huria, chenye makao yake Kinondoni. Chuo Kikuu cha Aga Khan, chenye taasisi ya elimu Dar es Salaam tangu 2006, nacho kimewafundisha walimu kuchunguza kazi yao wenyewe.

Hapa ndipo ninapolalamika. Mwalimu wa Temeke anasoma sura ya utafiti tendaji kama bidhaa iliyoshuka bandarini: Lewin, Stenhouse, Kemmis. Anakariri mishale minne, anaandika mradi wake kwa Kiingereza, anapata alama, cheti kinatoka. Bunju haimo. Wakati wa Furaha haimo. Hakuna anayemwambia kwamba walimu wa taifa hili walipanda ngazi hiyo kwa Kiswahili, kwa redio za mkulima, kabla vitini havijafika.

Na hitaji lake ni kubwa kuliko la mwalimu wa Uingereza. Chukua mfano, mwalimu wa darasa la pili Mbagala. Tangu michango ya shule ilipofutwa mwaka 2016, uandikishaji ulifurika. Tuseme ana watoto 120, madawati ya nusu yao, na zamu mbili. Anaona wa nyuma hawasomi. Jibu la mazoea lipo tayari, kama lile la Moshi: wazazi hawafuatilii. Sasa aseme nitatazama kwanza la kwangu. Kwa siku tano aweke alama kwenye daftari kila anapomwita mtoto asome kwa sauti. Huenda akakuta majina kumi yaleyale, ya mbele, ya wanaonyoosha kidole. Wiki inayofuata abadilishe: wa nyuma waje mbele Jumatatu, au wasome wawiliwawili huku akipita. Atazame tena. Huenda wakaamka wachache, na wengine wakabaki kimya kwa sababu nyingine kabisa, macho au njaa, na swali likasogea. Mwenzake wa darasa la tatu aje akae nyuma ya darasa, ahesabu naye. Vikao vya walimu kujifunza shuleni, ambavyo mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) umevihimiza miaka hii, vina nafasi hiyo, kama havitageuka kuwa saini nyingine ya kumwonyesha mthibiti ubora.

Nafasi yenyewe, ukitaka kujua, haihitaji fomu mpya. Kila andalio la somo lina mahali pa idadi ya waliosajiliwa na waliohudhuria, na chini kabisa lina mistari ya Tathmini na ya Maoni. Waliopita ualimu wanajua kinachoandikwa pale, mara nyingi hata kabla kipindi hakijaanza: “Wanafunzi wengi wameelewa, somo litaendelea.” Mwalimu wetu wa mfano, ikifika Ijumaa ya ile wiki ya kwanza, anaweza kuandika jambo jingine kwenye mistari ileile: “Wiki hii nimeita watoto 12 tu. Wanane ni wa madawati ya mbele.”